Kuupeleka muziki wa Kigoma ng'ambo: mwongozo kamili kwa bendi na msanii

Mtu wa Kigoma akitaja ng'ambo, muulize kwanza ni ipi. Ipo ng'ambo ya ziwa, ile ambayo milima yake huonekana jua linapozama, na ipo ng'ambo ya ndege. Wasanii wengi huiruka ya kwanza wakikimbilia ya pili, wakafika ubalozini hawana hata onyesho moja la nje ya mkoa la kuonyesha. Hapa tutakwenda kwa mpangilio, kuanzia sauti yenyewe, kisha karatasi, kisha safari.

Maelezo yanamlenga kiongozi wa bendi ya watu watano hadi wanane, au mwimbaji mwenye wapigaji wake, aliyeko Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo au Tabora. Tenga miezi 14 hadi 18 tangu kuingia studio mpaka jukwaa la kwanza la Ulaya. Anayekuahidi miezi mitatu, muulize anauza nini.

Hatua ya 1: Utaje mtindo wako

Bendi za Tanzania zilikuwa na neno la kazi hii muda mrefu kabla ya wataalamu wa masoko: mtindo. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Juwata walikuwa na Msondo. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Hayakuwa majina ya kupambia bango. Mtindo ulibeba mapigo, uchezaji na namna gitaa la solo linavyoingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wacheze, hata msikilizaji wa redio akaijua bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Mwandaaji wa tamasha kule Ulaya hupokea maombi mamia. Bendi yenye "midundo ya Kiafrika inayosisimua" amekwisha kuisoma mara arobaini wiki hiyo. Anachokitafuta ni mahali. Kaeni bendi nzima, mwandike majibu ya maswali haya: mapigo yetu yametoka ngoma gani, na ya wapi hasa? Ni chombo gani kikiondolewa wimbo unakufa? Tunaimba lugha zipi? Nani alitufundisha? Kisha finyeni yote kwenye sentensi isiyozidi maneno 25. Kwa mfano: "Bendi ya watu sita kutoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika: magitaa matatu ya dansi juu ya mapigo ya ngoma za Waha, kwa Kiswahili na Kiha." Sentensi hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye kila fomu, kila bango na kila barua.

Swali moja mtaulizwa kila mahali, na afadhali mlijibu mkiwa nyumbani: huu si muziki wa Kongo? Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2021 kwa maombi ya nchi zote mbili za Kongo, kwa hiyo msijaribu kuidai, na wala msiikimbie. Semeni mmeifanya nini. Ziwa limevusha wanamuziki huku na huku kwa miongo mingi. Shem Karenga alitoka Kigoma, akafahamika nchi nzima akiwa na Tabora Jazz. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, lakini alipozunguka na tamasha la WOMAD mwaka 1988, na lebo ya Real World ilipotoa albamu yake mwaka 1989, dunia ilimpokea kama mwanamuziki wa Tanzania, kwa sababu aliimba Kiswahili na aliimba maisha ya Dar es Salaam. Utaifa wa muziki hausomwi kwenye cheti cha kuzaliwa cha mpigaji.

Lugha nayo isiwatishe. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, soko la muziki wa dunia la Ulaya, mwaka 2005 akiimba kwa Kiswahili kilekile cha Unguja. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipoungana kwa jina la Kigoma All Stars, neno la Kiha ndilo lililobeba kiitikio, na nchi nzima iliitikia. Kuimba Kiingereza cha kuazima ili "kieleweke" huondoa kitu pekee ambacho mwenzako wa Lagos au London hana.

Na kwenye kisanduku cha aina ya muziki, acheni kuandika Afrobeats kwa sababu tu ndiyo inayosikika. Hilo ni jina la muziki wa Afrika Magharibi, na mkilichukua mnashindanishwa na Wanaijeria kwenye uwanja wao. Kipengele cha muziki wa Afrika cha tuzo za Grammy, kilichoanza kutolewa mwaka 2024, kilipotangazwa kilitaja Bongo Flava kwa jina lake. Singeli ilifika Ulaya bila kubadilishwa jina: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na neno singeli likaingia kwenye kurasa za wakosoaji wa huko kama lilivyo.

Hatua ya 2: Kama mmechota kwenye ngoma ya asili

Wimbo wa harusi wa Kasulu au mapigo ya Maswezi si mali ya bendi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara nje ya mazingira ya mila yanahitaji ridhaa ya Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, ndiye atakayewaelekeza na kuwaandikia barua. Kabla ya hapo, nendeni kwa wazee wenye ngoma, mkawaambie mnataka kufanya nini, mkubaliane nini kitarudi kwao. Rekodi mazungumzo kwa simu, andikeni majina, tarehe na kijiji.

Kwenye fomu, mtunzi aandikwe "ngoma ya asili", kisha "mpangilio" ndio ubebe majina yenu. Ukijiandika mtunzi wa wimbo wa bibi zako, siku kikundi kingine kitakapourekodi mtapeleka madai mawili kwenye mfumo mmoja, na pesa itasimamishwa kwa wote wawili.

Hatua ya 3: Studio

Programu moja na kinanda vinatosha kwa redio ya hapa. Kwa ng'ambo, bendi irekodiwe ikipiga pamoja angalau ngoma, besi na gitaa la ridhimu, halafu sauti na solo viongezwe baadaye. Sababu ni ya kiufundi: katika dansi, ridhimu na besi husukumana kidogo mbele na nyuma ya pigo, na kila mtu akirekodi peke yake juu ya kidundishi cha kompyuta msukumo huo hupotea. Wimbo unakuwa sahihi na umekufa.

Studio iwe na njia zisizopungua nane za kuingiza sauti kwa wakati mmoja. Maikrofoni ya ngoma ya ngozi isigusane nayo, iwe sentimita 20 hadi 30 juu, ikielekezwa kati ya katikati na ukingo. Ikielekezwa katikati tupu unapata mvumo bila mlio wa kiganja. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48 kama kutakuwa na video, 44.1 kama hakuna. Kwenye michanganyo, kilele kisivuke desibeli -6 ili fundi wa mastaringi, yaani anayeumalizia wimbo kabla haujatoka, apate nafasi ya kufanya kazi.

Makosa tunayoyakuta zaidi ni ya sauti kubwa. Prodyusa husukuma wimbo mpaka ukuta, akiamini utapiga kelele kuliko wa jirani. Spotify husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha takribani LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Wimbo uliobanwa hadi -7 hushushwa tu, na ukishashushwa unabaki bapa, gitaa limezama. Mwambieni fundi kilele halisi kisivuke desibeli -1.

Dai faili hizi kabla ya kulipa salio la mwisho: wimbo kamili wa WAV, wimbo bila sauti ya mwimbaji, na kila chombo kwenye faili lake. WAV ya biti 24 kwa 44.1 hula takribani MB 16 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB 64 hivi, na albamu ya nyimbo kumi ni kama MB 640. Weka nakala mbili kwenye vyombo viwili tofauti, nyumba mbili tofauti. MP3 ya kutumiana WhatsApp si nakala.

Kwa anayetumia biti ya kununua mtandaoni: soma leseni. Leseni isiyo ya kipekee ina maana mtu wa Jakarta anayo biti hiyohiyo, na wa kwanza kuisajili kwenye mfumo wa utambuzi wa YouTube ndiye atakayekusanya mapato ya video yako.

Hatua ya 4: Karatasi za haki

Hapa ndipo pesa za miaka ishirini ijayo zinapopatikana au kupotea, na ndipo wanamuziki wetu wanapoona uvivu kuliko pote.

Kabla hamjatoka studio, jazeni karatasi ya mgawanyo. Ina safu nne tu: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazi (maneno, melodia, mpangilio, upigaji), asilimia, sahihi. Jumla iwe 100, si 99 wala 105. Tofautisheni mambo mawili ambayo huchanganywa daima: utunzi ni wa walioandika, rekodi ni ya aliyelipia au mliokubaliana. Mpigaji aliyelipwa kwa kikao aandikiwe hivyo, na asaini. Karatasi isiyosainiwa siku hiyo haitasainiwa wimbo ukishavuma.

Sajilini kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hakimiliki hapa nchini hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, inalindwa pia katika nchi wanachama wengine. Kusajili hakuzalishi haki, haki huzaliwa kazi inapotungwa. Kunakupa ushahidi wenye tarehe. Kwa mirabaha ya kupigwa redioni na jukwaani, ulizieni pia uanachama wa kampuni ya kukusanya na kugawa mirabaha, na mkijiunga mtapata namba ya utambulisho wa mtunzi, IPI. Bila namba hiyo, chama cha Ufaransa au Ujerumani kikikusanya pesa yenu hakijui kimtumie nani.

Kila rekodi iwe na ISRC. Ni namba ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za msajili, mbili za mwaka, tano za wimbo wenyewe. Wasambazaji wengi hutoa bure. Kosa linalorudiwa ni kuupakia wimbo uleule mara ya pili kwa msambazaji mpya na kupewa ISRC mpya. Wimbo unakuwa mtu mwenye vitambulisho viwili, na idadi ya wasikilizaji inaanza sifuri. Ukihama, hama na namba zako.

Msanii mwenyewe awe amesajiliwa BASATA. Kanuni za baraza zinamtaka msanii kupata kibali kabla ya kwenda kutumbuiza nje. Msiache jambo hilo mpaka wiki ya safari.

Hatua ya 5: Kuutoa wimbo

Chagueni msambazaji mmoja. Kabla ya kusaini angalieni mambo matatu. Anatoza kwa mwaka au asilimia? Wa ada ya mwaka wengine huziondoa nyimbo usipolipa, na kwa bendi isiyo na mapato ya uhakika asilimia ni salama zaidi. Analipa kwa njia ipi? Hakikisha njia hiyo inapokea pesa Tanzania, si kutuma tu. Anafika Boomplay na Audiomack pamoja na Spotify na Apple Music? Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wengi wako huko.

Pakieni wiki nne hadi sita kabla ya tarehe. Kupendekeza wimbo kwa wahariri wa Spotify kunafanywa kabla haujatoka, angalau siku saba, na ukishatoka mlango umefungwa. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao. Jina la bendi liandikwe herufi kwa herufi sawasawa kila mara. "Ujiji Stars" na "Ujiji Star's" ni wasanii wawili kwa mashine.

Msijenge bajeti juu ya pesa hizi. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na sehemu ya mapato ya YouTube inayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi asilimia 30 kwa mkazi wa Tanzania, maana hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili. Fomu ya kodi msipoijaza, makato yanaweza kuchukuliwa kwenye mapato ya dunia nzima. Kazi ya majukwaa hayo kwenu ni kuwa anwani: mwandaaji akilitafuta jina, alikute.

Hatua ya 6: Mkoba wa bendi

Folda moja ya mtandaoni, kiungo kimoja kisichohitaji nenosiri. Ndani yake: wasifu wa urefu wa aina tatu (maneno 50, 150 na 300) kwa Kiingereza na Kifaransa. Kifaransa ni silaha ambayo Kigoma inayo na Dar es Salaam haina. Watu wanaokiandika vizuri mko nao mitaani, na kinafungua Bujumbura, Kalemie, Abidjan, Brussels na Paris kwa mkupuo mmoja. Msitumie tafsiri ya mashine bila kusomewa na mtu. Picha tatu za mlalo na moja ya wima, kubwa za kuchapika, jina la mpigapicha likiwa kwenye jina la faili.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni video ya onyesho la moja kwa moja, dakika 10 hadi 15, sauti halisi ya jukwaani, kamera mbili zikitosha. Video ya kuigiza yenye gari na mabinti haisaidii hapa. Mwandaaji anataka kujua kama mnaweza kupiga. Sauti itoke kwenye meza ya fundi mitambo, ioanishwe na picha, wala isitegemewe maikrofoni ya simu. Ufukwe wa Kibirizi ukionekana nyuma ni vizuri, lakini upepo wa ziwa huingia kwenye maikrofoni baada ya saa tisa alasiri, kwa hiyo pigeni asubuhi.

Malizia na ukurasa wa kiufundi: mchoro wa jukwaa, orodha ya njia za sauti kwa namba (1 teke, yaani dramu ya mguu, 2 sneya, 3 ngoma kubwa, na kuendelea), na vifaa mnavyoomba mkute kule. Tajeni ampu mbili za gitaa, moja ya besi, seti ya dramu. Mnavyokuja navyo viandikwe pia.

Hatua ya 7: Ngazi ya majukwaa

Pandeni kwa utaratibu huu, kwa sababu kila ngazi ndiyo barua ya utambulisho ya inayofuata.

Kwanza ziwa. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Kupitia Manyovu mnafika Burundi kwa gari, na kwa maji mnafika Kalemie. Mkiwa na maonyesho matatu yaliyopigwa picha na kuandikwa kwenye gazeti au redio ya huko, tayari ninyi ni bendi ya kimataifa kwenye karatasi, tena bila kusema uongo. Beba kadi ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 kabla, na moja inatosha maisha yote.

Pili, Sauti za Busara, Zanzibar, kila Februari tangu 2004. Huko hupigwa muziki wa moja kwa moja, si wa kuigiza juu ya CD, na waandaaji wa Ulaya na Afrika huketi pale pale mbele ya jukwaa. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya tamasha, kwa hiyo angalieni tovuti yao mapema katikati ya mwaka. Karibu yake kuna matamasha ya Nyege Nyege ya Uganda kwa wenye sauti za mashine na singeli, na Amani ya Goma hali ya usalama inaporuhusu.

Tatu, masoko ya muziki: ACCES, ambalo mwaka 2022 lilifanyika Dar es Salaam, Visa for Music ya Rabat kila Novemba, MASA ya Abidjan, na WOMEX huko Ulaya kila Oktoba. Haya si matamasha ya mashabiki, ni minada ya heshima. Mnapiga dakika 30 hadi 45 mbele ya wanunuzi, mara nyingi bila malipo ya maana. Usipeleke bendi WOMEX kabla hujapeleka mtu mmoja kusikiliza, kukusanya kadi na kujua nani hununua muziki wa aina yenu.

Balozi zetu zisisahauliwe. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, inazifanya balozi na vyuo vinavyofundisha Kiswahili kutafuta wasanii. Waandikieni Januari, wakati bajeti bado inasogea. Onyesho la ubalozi hulipa kidogo, ila huwaunganisha na jamii ya Watanzania wa mji ule, na barua yake hupunguza maswali ya viza.

Hatua ya 8: Mkataba na kodi ya kule

Mkataba uwe na: ada na sarafu, ada ni kabla au baada ya kodi, nani ananunua tiketi, vyumba vingapi, chakula, usafiri wa ndani, vifaa vya jukwaani, barua za viza na tarehe ya kuzitoa, ruhusa ya kurekodi (dakika tatu za habari ni sawa, onyesho zima hulipwa mbali). Ombeni nusu kabla ya kusafiri. Tiketi zinunuliwe na mwandaaji moja kwa moja, msikubali "nunueni, tutawarudishia".

Kodi hukatwa kwenye nchi mlikopiga. Ujerumani hukata asilimia 15 pamoja na nyongeza, jumla 15.825. Ada ya euro 3,000 inaacha 2,525.25. Wakiwa saba ni kama euro 360 kila mmoja kabla ya gharama. Malipo yasiyozidi euro 250 kwa msanii kwa onyesho hayakatwi, kwa hiyo kwenye maonyesho madogo mkataba uorodheshe wanabendi wote. Uingereza hukata 20, Marekani 30. Tanzania ina mikataba ya kodi na nchi chache tu, zikiwemo Denmark, Finland, Norway, Sweden, Italia na Kanada. Kila makato daini hati yake, na mkirudi mkaonyeshe TRA, msitozwe upya pesa ileile bila kuhesabiwa.

Hatua ya 9: Pasipoti, viza na ala

Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na maswali ya uraia huchukua muda mrefu kuliko Dodoma. Andaeni mapema vyeti vya wazazi au viapo, na barua ya serikali ya mtaa. Kama mpigaji wenu ni mkimbizi aliyeko Nyarugusu, hatasafiri kwa pasipoti ya Tanzania. Anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na jambo hilo lianze mwaka mzima kabla.

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima iwe ya euro 30,000, pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa miezi mitatu baada ya kurudi. Vidole huchukuliwa Dar es Salaam, kwa hiyo hesabuni nauli na malazi ya kikosi kizima tangu Kigoma, na hiyo mara nyingi huzidi ada yenyewe. Marekani ina P-3, viza ya wasanii wa utamaduni wa kipekee, lakini ombi hupelekwa na mwenyeji aliyeko kule. Uingereza mwaliko wa muda mfupi unaweza kupita kwa viza ya mgeni, ziara ndefu huhitaji mdhamini mwenye leseni. Kinachowaangusha wengi ni kushindwa kuonyesha kwamba watarudi: mkataba wa kazi, watoto shuleni, hati ya kiwanja, ratiba ya maonyesho ya hapa baada ya safari. Na kamwe msiongeze "mpigaji" asiyejua kupiga. Maofisa wamewahi kumwomba mtu apige, na mmoja akikwama, bendi nzima inakwama.

Ala zina mitego yake. Ngozi ya kenge na ya chatu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, haivuki bila kibali. Mpingo nao umo kwenye orodha tangu 2017, ila ala iliyokwisha kutengenezwa imesamehewa tangu mwishoni mwa 2019. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe yenye manyoya, iliyokaushwa tu kwa jua, huamsha maofisa wa mifugo. Wanaosafiri kila mwaka huwamba ngozi bandia kwenye ngoma za safari na kuziacha za asili nyumbani. Kwa anayesisitiza ngozi, akumbuke hakuna moto wa kukazia ngoma nyuma ya jukwaa la Ulaya. Beba drayer ya nywele, umbali wa sentimita 20, ukizungusha, dakika tano kabla ya kupanda. Hewa ya mvua ya kiangazi cha kule hulegeza ngozi katikati ya wimbo wa tatu.

Ngoma isizidi jumla ya sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo, na kilo 23, la sivyo inalipiwa mzigo mkubwa. Andikeni orodha ya ala zote na namba zake, igongwe muhuri na forodha siku ya kuondoka. Bila hiyo, gitaa lenu wenyewe linaweza kutozwa ushuru likirudi. Umeme wa Ulaya ni volti 230 kama wetu, plagi tu ndiyo tofauti, ila Marekani ni 120, na pedali iliyochomekwa vibaya haifufuki.

Hatua ya 10: Usiku wa onyesho na asubuhi yake

Kwenye majaribio ya sauti, mpeni fundi wa kule wimbo wenu mmoja asikilize kwanza. Wengi hupandisha teke na besi kama za roki na kuizika ridhimu, ambayo kwenye dansi ndiyo mgongo. Aelezwe kwa vidole: hili gitaa, juu. Kati ya nyimbo, msemaji mmoja aseme sentensi mbili kwa lugha ya wenyeji: wimbo unahusu nini, umetoka wapi. Zaidi ya hapo mnakula muda wa chemko.

Kabla ya kuondoka ukumbini, mpeni mwandaaji orodha ya nyimbo mlizopiga, pamoja na majina ya watunzi na namba zao za IPI, akaiambatanishe kwenye taarifa anayopeleka kwa chama cha mirabaha cha nchi yake. Piga picha nakala iliyosainiwa, itume kwa kampuni yenu ya mirabaha nyumbani wiki hiyohiyo. Pesa yake huchukua mwaka au zaidi kufika, na orodha isiyopelekwa hailipwi.